Kilomita 200 Kwenye Mvua: Mwongozo wa Safari Ndefu ya Baiskeli

Umejiandikisha kwenye safari ndefu ya baiskeli, mazoezi umefanya, na sasa utabiri unasema mvua itanyesha kutwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Unafaa kwa safari yoyote ya kuanzia kilomita 100, iwe ya hisani au ya klabu, ila mfano tutakaoutumia ni breve ya kilomita 200, kwa kuwa kanuni zake ni zilezile karibu kila nchi.

Breve si mashindano. Unapewa kadi, unapita kwenye vituo vilivyopangwa na kugongewa muhuri, na unatakiwa umalize ndani ya muda: kilomita 200 kwa saa 13 na dakika 30, kilomita 300 kwa saa 20, kilomita 400 kwa saa 27, na kilomita 600 kwa saa 40. Hizo nne ndizo ngazi za kufikia Paris–Brest–Paris, safari ya kilomita 1,200 nchini Ufaransa iliyoanza mwaka 1891, ambayo siku hizi hufanyika kila baada ya miaka minne na muda wake wa juu ni saa 90. Kati ya kituo na kituo hakuna gari la kukufuata: kila unachokihitaji unakibeba au unakinunua njiani.

Mwaka 2007 mvua na upepo viliwaandama washiriki wa Paris–Brest–Paris karibu njia nzima, na walioishia njiani walikuwa wengi kuliko kawaida. Watu hao walikuwa wamekwisha kumaliza ngazi zote nne mwaka huohuo. Miguu walikuwa nayo.

Kwa hiyo shika jambo moja tangu mwanzo. Kwenye safari ya saa kumi na zaidi utalowa, na hakuna koti litakalokuokoa. Kazi yako ni kulinda joto la mwili. Aliyelowa akiwa na joto hufika. Aliyepoa huacha hata kama nguvu bado anazo.

Mvua inabadilisha nini?

Joto. Maji huondoa joto mwilini haraka zaidi, takribani mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Ongeza upepo wa mwendo wako mwenyewe, na nguo iliyolowa inakuwa mashine ya kukupoza. Usidhani hili ni la Ulaya tu. Kila unapopanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Anayepanda kutoka Mombo hadi Lushoto, Tanzania, kwenye mvua huona joto kwa sababu misuli inafanya kazi. Hatari inamngoja akigeuza: takribani kilomita 33 za kuteremka kwa kona, hakanyagi pedali, amelowa jasho na mvua kwa pamoja. Hapo ndipo vidole hufa ganzi, wakati breki zinahitajika kuliko wakati wowote.

Breki na mshiko. Rimu iliyolowa hubeba utando wa maji, na breki lazima iufute kwanza ndipo ianze kukamata. Rimu za chuma, kama za baiskeli za breki za fito, hupoteza uwezo mwingi zaidi kuliko rimu za alumini. Breki za diski huathirika kidogo.

Muda. Mwendo hupungua, pancha huongezeka kwa sababu maji husomba vioo, nyaya na miiba hadi pembeni mwa barabara, na kila kituo huchukua dakika nyingi kuliko ulivyopanga.

Wiki moja kabla: iandae baiskeli

Fanya kazi hii mapema, usingoje jioni ya mwisho. Ukimpelekea fundi, mwambie wazi kwamba unakwenda kuendesha siku nzima kwenye mvua.

1. Badilisha brekshuu zilizokwisha nusu. Maji yakichanganyika na mchanga hugeuka msasa. Mipira ambayo kiangazi ingedumu miezi inaweza kulika kwa safari moja ya mvua yenye milima. Beba jozi moja ya akiba na ujue kuifunga mwenyewe.
2. Kagua tairi kwa kidole na kwa jicho. Chomoa vipande vya kioo vilivyojificha kwenye mpira. Tairi la upana wa milimita 28 hadi 32 linafaa, mradi fremu ilipokee. Punguza upepo kidogo, PSI 5 hadi 10 chini ya kawaida yako, ili mpira uguse lami zaidi. Usihangaikie kashata za tairi ikiwa njia ni ya lami: tairi la baiskeli ni jembamba na la mviringo, kwa hiyo halielei juu ya maji kama la gari.
3. Funga madigadi mbele na nyuma. Maji yanayorushwa na gurudumu ni machafu na hukulowesha hata baada ya mvua kukatika. Ongeza ulimi nyuma, kipande kilichokatwa kwenye dumu la mafuta ya kula kinatosha, ili anayekufuata asile tope lako. Kama njia ina udongo mweusi wa mbuga, acha nafasi ya kutosha kati ya tairi na madigadi, la sivyo udongo utajaza na gurudumu litagoma kuzunguka.
4. Safisha cheni, kisha itie mafuta mazito. Mafuta mepesi huoshwa na mvua mapema. Weka tone moja kwenye kila kiungo, ngoja, halafu futa yaliyobaki juu, kwa sababu ndiyo yanayokamata mchanga.
5. Jaribu taa kwa maji. Ziwashe, zimwagie maji kwa kikombe, ziache nusu saa. Inayozima leo itazima barabarani. Nyuma weka mbili.
6. Endesha kwenye mvua angalau mara moja kabla ya siku yenyewe. Saa mbili zitakuonyesha koti linalovuja, glavu zinazoteleza na mkoba unaoingiza maji.

Mavazi: tabaka kwa tabaka

Fulana ya pamba iache nyumbani. Pamba hunyonya maji, huyashika na kukaa nayo baridi mwilini. Anza na fulana nyepesi ya kubana ya poliesta au sufu. Mitumba ina nyingi nzuri kwa bei ndogo. Juu yake vaa jezi ya baiskeli, na juu kabisa koti jepesi la mvua linalokaa karibu na mwili, lenye mgongo mrefu na zipu unayoweza kuifungua kwa mkono mmoja.

Makoti marefu ya mvua wanayovaa madereva wa bodaboda hayafai hapa. Bodaboda haitoi jasho. Wewe utatoa, na jasho hilo litakulowesha kwa ndani. Tena pindo linalopepea linaweza kunasa kwenye spoku.

Mikononi, vaa glavu nyembamba na juu yake glavu za mpira za kuoshea vyombo. Hazina fahari, ila huzuia upepo na maji kwa bei ambayo kila mtu anaimudu. Kichwani, vaa kofia yenye ukingo chini ya helmeti ili maji yasikuingie machoni. Miwani iwe angavu au ya njano, kamwe isiwe nyeusi.

Kaptura ya baiskeli yenye sponji huvaliwa bila chupi ndani. Paka mafuta ya mgando kwa wingi kwenye mapaja na makalio kabla ya kuondoka, na rudia katikati ya safari. Ngozi iliyolowa huchubuka haraka, na mchubuko wa kilomita ya 60 ni kidonda kufikia kilomita ya 150.

Mwisho, na hili ni la lazima: beba fulana moja kavu iliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji, na usiiguse mpaka utakapoihitaji kweli. Ndani ya mfuko kama huo tia pia simu, fedha taslimu za noti ndogo na kadi yako ya breve. Kadi ni karatasi. Ikilowa na mihuri ikafutika, unakosa ushahidi kwamba ulipita.

> HESABU YA MUDA
>
> Ukianza saa 11 alfajiri, muda wa kilomita 200 unakwisha saa 12:30 jioni, ambayo kwetu karibu na Ikweta ni saa ya giza kuingia.
>
> Kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, kuendesha peke yake kunachukua saa 11 na dakika 7. Zinabaki saa 2 na dakika 23 za kula, mihuri, pancha na kujikinga na radi.
>
> Ukishuka hadi kilomita 16 kwa saa, kuendesha kunachukua saa 12 na nusu. Imebaki saa moja tu.
>
> Funzo: kwenye mvua, muda mwingi huokolewa kwa kufupisha vituo kuliko kwa kuongeza kasi barabarani.

Usiku wa kuamkia safari: soma anga

Angalia taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, au ya idara ya hali ya hewa ya nchi yako, kwa kila eneo utakalopita, si kwa mji wa kuanzia peke yake. Wakati wa masika, mvua za Pwani mara nyingi huja usiku na asubuhi. Kwenye nyanda za juu mara nyingi huja alasiri. Njia inayotoka Pwani kwenda milimani inaweza kukunyeshea mara mbili kwa siku moja. Ikiwa pametolewa tahadhari ya mvua kubwa, wapigie waandaaji na uulize kama njia imebadilishwa.

Barabarani: hatua za kufunga breki

1. Tazama mbali. Anza kujiandaa mapema mara mbili ya unavyofanya pakiwa pakavu.
2. Gusa breki zote mbili kwa wepesi ili mipira ifute maji kwenye rimu. Utahisi kama hazifanyi kazi. Usishtuke na kubana ghafla.
3. Zikishaanza kukamata, ongeza nguvu polepole.
4. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kuingia kwenye kona. Ndani ya kona, achia.
5. Kwenye mteremko mrefu, gusa breki mara kwa mara hata pasipo na haja, ili rimu zisijae maji tena.

Baiskeli ikiwa imelala kwenye kona, epuka mistari ya rangi, mifuniko ya chuma ya mitaro, reli, na madoa yenye rangi za upinde wa mvua, maana hayo ni dizeli. Ikibidi upite juu yake, simamisha baiskeli wima, acha kukanyaga, usiguse breki. Reli ikate kwa pembe mraba. Dakika za kwanza za mvua baada ya siku nyingi za jua ndizo zenye utelezi mbaya zaidi, kwa sababu mafuta na vumbi la lami huchanganyika kabla hayajaoshwa.

Dimbwi usilolijua usilipite. Chini yake panaweza kuwa na shimo la kupinda rimu. Ukitaka kulikwepa, geuka nyuma kwanza utazame.

Kwenye barabara ya malori, kama ile ya Dar es Salaam hadi Morogoro kupitia Chalinze, shika usukani kwa mikono miwili kila lori linapokupita: kwanza upepo utakusukuma nje, kisha utakuvuta ndani, na maji yatakufumba macho kwa sekunde kadhaa. Vaa kizibao chenye reflekta na washa taa mchana kutwa. Mkiwa kundi, msifuatane gurudumu kwa gurudumu; acheni urefu wa baiskeli mbili au tatu, na kila mmoja akae kidogo pembeni ya aliye mbele.

Kula na kunywa

Mvua hudanganya. Husikii kiu, mikono imejaa glavu, na kufungua mfuko ni kero. Basi unaacha kula. Saa tatu baadaye nguvu zinakatika, na mwili usio na chakula haupati cha kuchoma ili ujipashe joto. Lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja ya ukubwa wa kati ina gramu 25 hivi. Chapati iliyokunjwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kashata hubebeka vizuri. Vifungue na kuvikata vipande ukiwa nyumbani. Tega saa itakayokukumbusha kila baada ya dakika 30.

Kwenye kituo agiza chai ya moto yenye sukari au uji. Kunywa ukiwa umevaa koti, na ondoka kabla mwili haujapoa. Dakika kumi zinatosha.

ONYO: Mdomo wa chupa hurushiwa tope lililochanganyika na kinyesi cha ng'ombe na mbuzi. Mwaka 2008 mjini Builth Wells, Wales, washiriki wengi wa safari ya baiskeli za milimani waliugua tumbo kwa vijidudu vilivyotoka kwenye tope la malisho. Tumia chupa yenye kifuniko, au mwaga maji kidogo kuosha mdomo wake kabla ya kunywa. Usile kwa vidole vyenye tope. Shika chakula kwa kipande cha karatasi.

Pancha ikikukuta kwenye mvua

1. Toka barabarani, tafuta baraza ya duka au paa lolote.
2. Vaa fulana na koti ulivyonavyo kabla ya kugusa gurudumu. Ukisimama tu, joto linaanza kuondoka.
3. Weka tyubu mpya. Usipoteze muda kubandika kiraka. Solusheni haishiki kwenye mpira uliolowa.
4. Pitisha kitambaa polepole ndani ya tairi kutafuta mwiba au waya, kisha kwa uangalifu pitisha kidole. Usipokitoa kilichotoboa, utarudia kazi baada ya kilomita mbili.
5. Futa mchanga ndani ya tairi, rudisha, jaza upepo kidogo, hakikisha tyubu haijabanwa kwenye ukingo, ndipo umalizie kujaza.
6. Ihifadhi tyubu iliyotoboka. Utaiziba kituoni, pakavu.

Beba tyubu mbili, viraka, na pampu ya mkono.

Mambo mawili yasiyo na mjadala

Radi. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, ingia kwenye nyumba ya kudumu au ndani ya gari lililofungwa, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mti uliosimama peke yake na kibanda kilicho wazi havikukingi. Nyanda za Ziwa Victoria zina radi nyingi mno. Huko lipangie jambo hili muda kabisa.

Maji yanayotiririka juu ya barabara. Sentimita 15 za maji yenye kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kuelesha gari dogo. Huoni kama lami bado ipo chini. Mwishoni mwa Aprili 2024, maji yaliyoshuka kwa ghafla usiku yaliua makumi ya watu Mai Mahiu, Kenya, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ukikuta daraja limefunikwa, rudi, wajulishe waandaaji, waonye wanaokuja nyuma. Kadi ya breve utapewa nyingine msimu ujao.

Jua lini uache

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, akili huanza kulegea, na mwenye tatizo huwa wa mwisho kulitambua. Kwa hiyo chunguzaneni. Tazama dalili hizi:

- kutetemeka kusikokoma hata mnapopanda mlima;
- vidole kushindwa kubana breki au kufunga zipu;
- maneno kuburuzika, kukosea njia, hasira au ukimya usio wa kawaida;
- kutetemeka kukoma ghafla ilhali mtu bado ana baridi. Hii ni dharura. Tafuta usafiri wa kumfikisha hospitali.

La kufanya: mwingize ndani, mvue vilivyolowa, mvalishe vikavu, mfunike kuanzia kifuani na kichwani. Akiwa na fahamu timamu na anameza vizuri, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Usimsugue mikono na miguu. Usimpe pombe, humfanya ahisi joto huku ikilitoa nje. Na asipande tena baiskeli siku hiyo.

Makosa yanayorudiwa

- Kuvaa koti kwenye mteremko baada ya kuanza kutetemeka. Livae kileleni, kabla ya mteremko.
- Kukaa kituoni nusu saa na nguo mbichi ukingoja mvua ikatike.
- Kutegemea simu pekee kwa njia. Kioo chenye maji hakisikii kidole. Andika makutano makuu na namba za waandaaji kwenye karatasi, uifunike kwa selotepu.
- Kujaribu viatu, kaptura au chakula kipya siku ya safari.
- Kuongeza kasi ili kufidia muda uliopotea, hasa kwenye kuteremka.

Ukishafika

Badili nguo kwanza, picha baadaye. Oga maji ya moto, safisha michubuko kwa sabuni, kula chakula kamili. Kisha, siku hiyohiyo, osha baiskeli kwa maji ya kawaida. Bomba la presha la kuoshea magari husukuma maji ndani ya beringi. Chomoa nguzo ya siti, pindua fremu maji yatoke. Kausha cheni, itie mafuta. Jaza magazeti kwenye viatu na uyabadilishe yakilowa.

Orodha ya usiku wa mwisho

☐ Brekshuu mpya, na jozi ya akiba
☐ Tyubu mbili, viraka, pampu, spana
☐ Madigadi mbele na nyuma
☐ Taa zilizojaribiwa kwa maji, chaji imejaa
☐ Kizibao chenye reflekta
☐ Koti, glavu, kofia yenye ukingo
☐ Fulana kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji
☐ Kadi, simu, fedha, karatasi ya njia
☐ Mafuta ya mgando
☐ Chakula kilichokatwa, chupa yenye kifuniko
☐ Mtu wa nyumbani anajua njia yako na saa unayotarajiwa

Kisanduku chochote kikibaki kitupu, kishughulikie usiku huohuo kabla ya kulala. Alfajiri iwe ya kunywa chai, kupaka mafuta na kutoka.